Aharibuye Kitabu cha Wote, Tumfanyeje?

Ndugu msomaji, hebu nianze na swali. Kama kipo kitabu ambacho kila mtu duniani ameruhusiwa kukiandika, halafu akaja mmoja akajaza matusi ukurasa mzima, tumfanye nini? Wengi tutajibu haraka haraka: afukuzwe, tena asirudi! Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne, mwenye madaftari ya riwaya yanayosubiri mchapaji, na uchungu wa kuandika naujua. Anayechezea maandishi ya mwenziwe ananiudhi kuliko mwizi wa kuku. Lakini hasira ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine.

Kitabu ninachokisema kipo. Ni Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa Marekani Januari 2001; ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Humo hakuna mhariri mkuu aliyekaa mlangoni. Mtu anaandika, na dunia inasoma papo hapo. Ni sawa na kuweka ubao njia panda, na chaki zake ukaziacha hapo hapo. Wapo watakaoandika elimu, na wapo watakaochora vikaragosi. Ulitegemea nini?

Ajabu ni kwamba ubao huo bado unasomeka. Siri yake ni ndogo tu: kila toleo la zamani linahifadhiwa. Mpuuzi atahangaika dakika kumi kuandika upuuzi wake, mwenye busara ataufuta kwa kubonyeza mara moja. Tangu 2010, Wikipedia ya Kiingereza ina hata programu, ClueBot NG, inayotambua uharibifu na kuufuta yenyewe. Na wale wa kuvutana, huyu anafuta yule anarudisha, wamewekewa mpaka: usitengue kazi ya wenzako zaidi ya mara tatu katika makala moja ndani ya saa 24, hata kama unaamini wewe ndiye mkweli.

Zaidi ya hayo, wana kanuni mbili zilizonifanya nifikiri. Ya kwanza, mdhanie mwenzako mema mpaka matendo yake yakukatalie. Ya pili, kumzuia mtu asiandike ni kinga, siyo adhabu. Jamani, sisi tuliolelewa na bakora tunaielewa kinga? Kwetu kosa huja kwanza, fimbo ya pili, na maswali baadaye, kama yatakuja.

Hapo mtu atanidaka: basi bwana, tuwavumilie tu? La hasha! Msikilize John Seigenthaler. Huyu alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani, aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Mei 2005, mtu asiyejitaja jina aliandika ndani ya Wikipedia kwamba Seigenthaler alipata kushukiwa katika mauaji ya John Kennedy na ya Robert mwenyewe. Uongo mtupu! Na uongo huo ukakaa pale kama miezi minne. Mzee wa miaka 78, anasoma kwamba alishukiwa kumuua rafiki yake.

Sasa nauliza: uvumilivu ule ulilipiwa na nani? Siyo na wahariri. Aliyelipa ni mzee wa watu. Huu ndio ubovu wa upole wa jumla jumla: ni rahisi kuwa mpole kwa deni la mwingine.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwandishi wa uongo ule alipojulikana, alisema ulikuwa utani wa kumchekesha mfanyakazi mwenzake, akajiuzulu kazi. Na Seigenthaler? Alimwomba mwajiri amrudishe! Uongo aliupiga vita mpaka magazetini, lakini mtu akamsamehe. Mimi naona jibu la swali langu limo humo. Maneno hayana haki ya kuvumiliwa, mtu anayo. Yafute maneno leo, mhukumu mtu kesho. Hata kanuni za Wikipedia ya Kiingereza zinakubali: tuhuma isiyo na ushahidi juu ya mtu aliye hai hufutwa mara moja, na mfutaji wake hahesabiwi ule mpaka wa mara tatu.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mlango. Oktoba 2020, Wikipedia ya Kireno iliamua kwamba asiyejisajili asihariri. Siwalaumu, mwenye nyumba ndiye ajuaye inakovuja. Ila kufuli linamzuia mtani, halimzuii asiyejua. Mwaka huo huo wa 2020 iligundulika kwamba kijana mmoja wa Marekani, aliyeanza akiwa na miaka 12, ameandika makala zaidi ya 20,000 katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Uskoti, na lugha yenyewe haijui! Alikuwa akichukua Kiingereza na kukigeuza geuza. Hakuwa na ubaya wowote. Alijisajili, akafanya kazi kwa bidii miaka mingi, na akaharibu kuliko watukanaji mia.

Huyo utamfanyeje? Kumtukana, kama wengi walivyomtukana, hakukurekebisha hata sentensi moja. Waliorekebisha ni wajuzi wa Kiskoti waliojitolea, wakakaa kusahihisha. Balaa ile ilikua kwa sababu kwa miaka yote hiyo wenye lugha hawakuwa wengi pale ubaoni.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hili linatugusa. Kiswahili nacho kina ubao wake njia panda, na tunaupita kila siku tukicheka makosa yake. Mimi nasema anayeona uongo na ana chaki mkononi, akapita zake, naye ana sehemu yake katika uharibifu ule. Wewe wasemaje?