Msimfungie Paka Ghalani kwa Njaa

Wajukuu wangu, mmekuja Runyenjes na paka wenu wa Nairobi, amenona hata akilala tumbo linamwagika pande zote mbili. Nimesikia mkipanga kumfungia kwenye ghala la mahindi siku nne bila chakula, eti njaa itampunguza na kumfundisha kukamata panya. Msithubutu. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, anaweza kufa.

Sababu iko kwenye ini. Akikosa chakula ghafla, mwili huyatoa mafuta uliyoyaweka akiba na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi, na ini la paka haliwezi kuyamaliza. Linajaa, linalemewa. Hapo hata ukimwekea nyama mbele ya pua anageuza uso. Hutapika, hudondosha mate, ufizi na sehemu ya ndani ya masikio hugeuka manjano. Akifika huko ni kazi ya daktari, na mara nyingi hulishwa kwa mpira majuma kadhaa. Tena hao panya wa ghalani, nani anajua ni wangapi wamekula sumu tunayotega? Paka mwenye njaa hachagui, na sumu iliyo ndani ya panya humpata naye.

Sisemi aachwe alivyo. Unene unamletea kisukari, unamuumiza viungo, na mgongo haufikii tena kuulamba, manyoya yakafungamana. Mpapaseni ubavuni kwa vidole bila kubonyeza: mbavu zinatakiwa zihisike chini ya mafuta kidogo tu. Mkitazama kutoka juu, kiuno kionekane. Huyu wenu hana kiuno.

Nitawaambia kinachomnenepesha hapa nyumbani. Kila asubuhi anayekama ng'ombe humimina kidogo kwenye kifuniko, mwingine anamtupia ugali jikoni, mtoto naye anampa omena chini ya meza, na hakuna anayejua mwenzake ametoa nini. Paka anayetakiwa kuwa na kilo 4 hupunguzwa uzito kwa kupewa kilokalori 160 hivi kwa siku nzima. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu kiasi hicho hicho! Ndiyo kusema akishakunywa maziwa, posho yake imekwisha kabla hajaona nyama. Na maziwa yenyewe huwaharisha paka wengi wakubwa. Kiu atamaliza kwa maji.

Paka ni mla nyama. Anahitaji kitu kiitwacho taurini anachokipata kwenye nyama na samaki, ambacho mahindi hayana. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa akikikosa moyo wake unadhoofika. Kwa hiyo msimpunguzie kwa kumlisha ugali mtupu, wala mchuzi wenye vitunguu, maana vitunguu vinaharibu damu yake.

Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Chakula kikavu cha dukani huwa na kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, someni kwenye mfuko. Basi gramu 40 au 45 kwa siku zinatosha, zigawanywe mara tatu au nne, na mtu mmoja tu ndiye awe na kijiko. Mkibadilisha chakula, changanyeni kipya na cha zamani kwa siku saba hadi kumi. Kwanza lakini aonwe na daktari wa mifugo, hata huyu anayekuja kutibu ng'ombe, ajue kama hana ugonjwa mwingine, na awaambie kiasi chake hasa, kwa maana paka aliyehasiwa huhitaji kidogo kuliko mwenzake.

Mpimeni kila juma: simama kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe. Mwenye kilo 6 akipungua gramu 60 kwa juma anakwenda vizuri. Kufika kilo 4.5 ni miezi sita. Najua ninyi vijana mnataka matokeo kabla ya likizo kuisha, lakini zaidi ya gramu 120 kwa juma ni kumrudisha kwenye shida ile ya ini. Mfungieni kamba kwenye fimbo aifukuze uani jioni, ajichoshe kidogo.

Na siku yoyote atakayopitisha bila kugusa chakula kabisa, msisubiri ya pili. Mpigieni daktari siku hiyo hiyo.