Moyo Uliolemewa na Mkate wa Malaika



Mwanamke atokaye shambani na tita la kuni kichwani hufika mlangoni pake, akasimama, akaita: "Njooni mnitue!" Mtoto au jirani huja mbio, wakashusha mzigo wawili wawili. Hakuna amchekaye kwa kuita hivyo, maana kila mtu ajua ya kuwa shingo ya mwanadamu ina kipimo chake. Lakini mzigo ukiwa wa moyo, yaani hofu, huzuni, deni, njaa ya watoto au kumbukumbu za vita, wengi huona haya kuita. Hukaa nao mchana na usiku, hata mwili wenyewe ukavunjika. Somo la leo lahusu mzigo huo, na jinsi Mungu apendavyo utuliwe.

Nabii aliyeomba kufa

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, katika sura ya 19, chaeleza habari za Nabii Eliya. Yeye hakuwa mtu mwoga. Juu ya mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, naye akashinda. Lakini malkia Yezabeli alipoapa kumwua, nguvu zilimwishia. Akakimbia mpaka Beersheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Tazameni vema Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kupita nguvu zake. Ndipo alipoweza kutembea siku 40 hadi mlima wa Horebu. Huko Mungu alimwuliza habari zake, naye Eliya akayamwaga yote yaliyomjaa moyoni, akasema kwamba yeye peke yake amebaki. Baadaye Mungu akamwuliza tena, na Eliya akarudia maneno yale yale. Wala Mungu hakuchoka kumsikiliza. Mwishoni akampa kazi ya kufanya, akamjulisha kwamba wako watu 7000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti, tena akamwonyesha Elisha awe mwenziwe.

Basi hesabuni dawa za Mungu kwa mtu aliyelemewa: usingizi, chakula, maji, mwendo, sikio la kumsikiliza, kazi, na mwenzi. Hakuna hata moja ya kudharauliwa.

Mfano wa baba wa Ngezi

Sikilizeni sasa mfano, nao waweza kuwa wa nyumba nyingi za Ituri.

Huko Ngezi, katika Bunia, palikuwa na baba mmoja aliyetoka vilima vya Djugu. Vita viliporudi Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, alikimbia na mkewe na watoto wanne. Mdogo wake aliyekuwa nyuma yao njiani hakufika. Kwao alikuwa na shamba la maharagwe na ng'ombe wawili. Huku Ngezi akawa mtu wa kufyatua matofali ya watu wengine, naye akalipwa siku nyingine, siku nyingine asilipwe.

Usiku hakupata usingizi. Mbwa akibweka, huruka kitandani. Moyo ukampiga kama ngoma, kichwa kikamwuma, chakula kikamkataa. Hakumwambia mtu, hata mkewe, maana tangu utoto alifundishwa ya kuwa mwanamume hulia kwa ndani. Akaanza kunywa lotoko ili alale. Ile lotoko ikamlaza mapema, ikamwamsha usiku wa manane, na hofu yake imezidi. Watoto wakajifunza kunyamaza wanaposikia hatua zake.

Kisha rafiki wa pombe akamnong'oneza: "Maradhi haya si bure. Humwoni yule mjane jirani yako, wa kabila lingine, aishiye peke yake? Nenda ukapige ramli." Akaenda, akatoa faranga zilizokuwa ada ya shule ya mtoto. Mpiga ramli akamwambia: "Ni mwanamke mzee, na mlango wake waelekea machweo." Kweli mlango wa mjane yule ulielekea machweo. Milango mingine mingi ya mahali pale ilielekea machweo vilevile, lakini mwenye hofu hahesabu milango.

Jioni ile akasimama uani kwa mjane, panga mkononi.

Yule mama alikuwa akipika. Akainua macho, akasema: "Mwanangu, kama ni kuni umekuja kunikatia, giza limeingia. Weka panga chini. Mbona watetemeka? Umekula lini?" Hakuweza kujibu, kwa maana hakuwa amekula tangu jana. Mama akamsogezea kigoda, akampa ugali wa muhogo na sombe, akaketi kando yake bila kusema neno. Alipomaliza kula, mama akamwuliza: "Kila usiku nasikia nyayo zako uani. Wamlilia nani?"

Hapo akalitaja jina la mdogo wake. Tangu siku ya kukimbia hakuwa amelitamka. Akalia kwa sauti, na mkewe akaja mbio, akasikia kwa mara ya kwanza mambo yaliyokuwa moyoni mwa mumewe. Mjane naye akawaambia kwamba mwaka 2003, vita vilipoingia Bunia, alizika wana wawili katika juma moja. Hakuwapa maneno mengi ya hekima. Alikaa nao tu mpaka usiku ukawa mwingi.

Mwili nao ni kazi ya Mungu

Asubuhi wale wanawake wawili walimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi akampima, akakuta damu yake ina shinikizo kubwa. Akawaeleza mambo ambayo kila mkatekumeni yafaa ayajue.

Mtu akikutana na chui njiani, mwili wake hujiweka tayari kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia miguuni na mikononi. Mungu aliuumba mwili hivyo ili uokoke. Chui akienda zake, mwili hutulia. Lakini ikiwa hofu yakaa miezi na miaka, mwili hukesha kama askari asiyepata wa kumpokea zamu. Usingizi hutoroka, kichwa na tumbo huuma, hasira huwa karibu, na shinikizo la damu laweza kupanda. Tena shinikizo hilo mara nyingi halina dalili yoyote; hujulikana kwa kupimwa tu. Likiachwa, laweza kuharibu moyo na figo, au kumpooza mtu upande mmoja.

Muuguzi akampa dawa, akamwonya azitumie kila siku, hata siku ajionapo mzima. Akamwambia aache lotoko, kwa kuwa pombe humlaza mtu na kuuharibu usingizi wake. Chumvi nayo aipunguze, isizidi kijiko kidogo cha chai kwa siku nzima. Akamfundisha pia kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, hofu inapokuja usiku.

Wengine husema: "Mkristu wa kweli hutumaini sala, hatafuti dawa." Hao wamekosa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba mganga aheshimiwe, maana Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa zatoka katika nchi kwa mapenzi yake. Mgonjwa asali, tena ameze dawa. Vivyo hivyo, mtu aliyeugua moyo kwa huzuni asiitwe mwenye pepo, wala asidhaniwe ameadhibiwa kwa dhambi zake. Eliya alikuwa mtakatifu, naye aliomba kufa.

Dawa za uongo

Kumbukeni yaliyotokea katika nchi hii. Mwezi wa Juni mwaka 2001, katika eneo la Aru, kaskazini ya Ituri, mamia ya watu waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita, na watu walitafuta uso wa kuutwika hofu yao. Wakauona kwa jirani. Je, baada ya kuwaua hao, magonjwa yalikoma? Vita vilikoma? La hasha. Yaliongezeka makaburi na yatima.

Ndiyo maana ninyi mnaojiandaa kwa Ubatizo mtaulizwa mbele ya Kanisa kama mnamkataa Shetani na kazi zake. Ramli ni mojawapo ya kazi hizo. Yeye hufurahi mtu anapomchukia jirani kwa sababu ya maumivu yasiyo na kosa la jirani. Baba yule wa Ngezi alibakiza hatua chache tu awe mwuaji. Aliyemwokoa alikuwa mwanamke yule yule aliyemdhania adui, kwa sahani ya ugali na swali moja.

Bwana naye alisaidiwa

Huenda mtu akasema: "Ni aibu kusaidiwa." Basi na amtazame Bwana wetu Yezu Kristu. Mitume waliporudi wamechoka, aliwaita mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Chomboni, katikati ya dhoruba, alilala. Katika bustani ya Getsemani hakuficha huzuni yake. Aliwaambia Petro, Yakobo na Yohane, akawaomba wakeshe pamoja naye. Na njiani kwenda Kalvario, Simoni wa Kirene alibeba msalaba nyuma yake. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali mtu wa shambani ashike mti wake, mwanadamu gani atajiona ana nguvu kumpita?

Kwa hiyo Kanisa humpa katekumeni msimamizi, ili asiende jangwani peke yake kama Eliya. Kwa hiyo pia twaamriwa kuitakatifuza Dominika. Siku hiyo matofali yapumzike, na mfyatuaji naye apumzike. Watu wakutane, wale pamoja, waimbe, waulizane hali.

Na ikiwa mtu kati yenu asema amechoka kuishi, msimcheke wala msimhubirie. Kaeni naye, asiachwe peke yake hata usiku. Ondoeni karibu yake kamba, panga na dawa za sumu za shambani. Mpelekeni kituo cha afya, mwiteni na Padri. Hiyo ndiyo kazi ya malaika, nanyi mwaweza kuifanya.

Je, baba yule alipona? Taabu zake hazikwisha. Matofali bado ni ya mtu mwingine, mdogo wake hajaonekana, na usiku mwingine hofu humrudia. Lakini hofu ikija sasa humwamsha mkewe, wakasali pamoja. Dawa zake humeza kila asubuhi. Na siku za Jumamosi huonekana uani kwa mjane, panga mkononi, akimkatia kuni.

Maswali ya kujifunza

Swali: Mungu alimpa nini Eliya kabla ya kumpa kazi?
Jibu: Alimpa usingizi, mkate na maji, tena akamsikiliza.

Swali: Je, ni dhambi kuhuzunika na kuogopa?
Jibu: Si dhambi. Yezu mwenyewe alihuzunika. Ila si vema kuificha huzuni mpaka ituharibu sisi na jirani zetu.

Swali: Mkristu aliye mgonjwa hutafuta nini?
Jibu: Hutafuta sala na dawa pamoja. Ramli huikataa kabisa.

Swali: Nani aliyemsaidia Bwana wetu kubeba msalaba?
Jibu: Simoni wa Kirene.

Azimio la juma hili: Kila katekumeni amtafute jirani mmoja aliyenyamaza siku nyingi, hasa asiye wa kabila lake, amwulize kama amekula na kama amelala. Na yule mwenye mzigo wake mwenyewe asione haya kuita: "Njooni mnitue."