Vijiti, Kokoto na Sifuri

Jioni ya tarehe 16 Oktoba 1834, jengo la Bunge la Uingereza lilishika moto. Haikuwa radi wala hila ya adui. Vibarua walikuwa wamepewa kazi ya kuchoma vijiti vikuukuu, mikokoteni miwili mizima, katika tanuri zilizokuwa chini ya ukumbi wa Malodi. Wakavisukumiza kwa pupa, dohani zikazidiwa, na kufikia usiku London nzima ilikuwa ikitazama ndimi za moto kando ya mto Thames.

Vijiti hivyo vilikuwa vitabu vya hesabu. Kwa karne nyingi Hazina ya kifalme iliandika madeni kwa kisu. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry wa Pili, alieleza katika karne ya 12 jinsi kazi ilivyofanyika: pauni elfu ilichanjwa kwa unene wa kiganja, pauni mia kwa unene wa dole gumba, pauni ishirini kwa unene wa kidole cha mwisho, na pauni moja kwa punje ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu wake. Mdai alichukua nusu, mdaiwa nusu. Siku ya kulipana vipande vilikutanishwa, na chanjo zisipolingana, mtu ameghushi.

Moto ule haukuyafikia maneno. Mwingereza akitaka kusema ishirini kwa mtindo wa kizamani, husema "score", neno lililoletwa na watu wa Skandinavia likiwa na maana ya chanjo. Abraham Lincoln, akihutubia Gettysburg mwaka 1863, aliihesabu miaka 87 kwa njia hiyo: ishirini nne, na saba juu yake. "Digit", yaani tarakimu, ni kidole kwa Kilatini. "Calculate" ina kokoto ndani yake, kwa kuwa Warumi walipiga hesabu kwa kusogeza vijiwe ubaoni. Tamu kuliko yote ni "eleven" na "twelve". Katika Kiingereza cha kale, la kwanza lilikuwa sawa na kusema "imebaki moja", na la pili "zimebaki mbili": vidole kumi vimekwisha, tazama kilichosalia. Walithuania waliendelea na mtindo huo mpaka kumi na tisa. Waingereza waliuacha kwenye kumi na mbili.

Hapo ndipo swali la wanafalsafa linapoingia. Ikiwa maneno ya namba yametoka kwenye vidole, vijiti na kokoto, je, namba zenyewe nazo zimetoka huko huko? Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alijibu ndiyo, au karibu ndiyo: ukweli wa hesabu tumeujua kwa kuviona vitu vikikusanywa na kutenganishwa. Mjerumani Gottlob Frege aliidhihaki fikra hiyo mwaka 1884, akaiita hesabu ya kokoto. Akauliza pia, ni nani amewahi kuona au kugusa kokoto sifuri?

Miaka mingi kabla yao, Agostino, aliyekuwa baadaye askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alikuwa ameshalipeleka swali hilo kwa Mungu. Vinavyoguswa kwa mwili, alisema, hajui vitadumu hadi lini. Lakini saba na tatu ni kumi, si leo tu bali daima. Ukweli usiooza namna hiyo hauwezi kuwa umezaliwa na akili inayosahau na kubadilika. Akili huukuta, nao huielekeza akili kwa aliye juu yake.

Si lazima kumfuata Agostino mpaka huko juu ili kuona kwamba hoja yake ina uzito. Chukua "hundred". Leo ni mia, lakini kwa watu wa Skandinavia ya kale neno hilo lilihesabu 120, na hata Uingereza bidhaa kama misumari ziliuzwa kwa "mia" ya ishirini sita. Mnunuzi asiyejua desturi angeweza kugombana na muuzaji siku nzima juu ya neno. Juu ya namba wasingegombana: misumari 120 hugawanyika kwa watu wanane bila kubakisha, na 100 haigawanyiki hivyo, vyovyote utakavyoiita. Pwani yetu nayo ilikuwa na kenda kabla tisa ya Kiarabu haijaipokonya nafasi, na hakuna deni lililopungua kwa sababu hiyo.

Mtihani mkubwa zaidi ni sifuri, kwa kuwa hapo hakuna kidole cha kukunja. Wahindi waliiita shunya, tupu, neno ambalo mwanafalsafa wa Kibudha Nagarjuna alijenga juu yake fundisho zima la utupu wa vitu vyote. Waarabu wakalitafsiri sifr, nasi tukalichukua moja kwa moja. Ulaya lilizunguka. Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, alilipa sura ya Kilatini katika kitabu chake cha mwaka 1202, Waitalia wakalifupisha, likawa "zero". Kwa njia nyingine likawa "cipher", ambalo hatimaye lilikuja pia kumaanisha maandishi ya siri.

Mwanahisabati Brahmagupta, mwaka 628, aliiandikia sifuri kanuni zake: namba ukiitoa kwa namba hiyo hiyo hubaki sifuri, na namba yoyote ukiizidisha kwa sifuri hupata sifuri. Alisema pia kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Hilo la mwisho wanahisabati wa leo wanalikataa. Ikiwa sifuri ni kitu kilichobuniwa na watu tu, mtu aliyeiandikia sheria mapema hivyo alikosea kwa kipimo cha nani?