Sarafu Isiyowahi Kununua Kitu

Mwaka jana nililipwa kuandika maelezo ya sarafu ambayo sijawahi kuishika na huenda sitawahi. Mteja alitaka maneno mia tatu kuhusu nikeli ya Marekani ya 1877, ya senti tano. Malipo yenyewe yalichelewa wiki sita, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kilichonikaa kichwani ni kwamba ile sarafu haikutengenezwa itumike.

Iko hivi. Mwaka huo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia hakikutoa hata nikeli moja ya senti tano kwa ajili ya soko, maana zilizokuwa zikizunguka zilitosha. Zilizotoka ni zile ziitwazo prufu tu, na kwa makadirio ya kawaida zilikuwa kama 510. Muhuri wa chuma uling'arishwa, kisahani cha shaba na nikeli nacho kikang'arishwa, kikagongwa kwa nguvu mpaka uso ukawa kama kioo. Mkusanyaji alilipa zaidi ya senti tano ili apate senti tano, halafu akaifungia.

Julai ya mwaka huohuo, wafanyakazi wa reli Marekani waligoma baada ya mishahara kukatwa. Wanamgambo wa Philadelphia walipelekwa Pittsburgh, wakaufyatulia umati risasi, watu wakafa. Sisemi wakusanyaji waliua mtu. Nasema tu kwamba katika jimbo moja, mwaka mmoja, kuna senti zilizogombewa kwa damu na kuna senti zilizolazwa kabatini.

Sasa swali: kitu hulinda thamani yake kwa kutotumika?

Kwetu nyumbani jibu lilikuwa ndiyo. Mama alikuwa na vikombe vya wageni kwenye kabati la vioo. Sisi tulinywea chai vya bati. Wageni wenyewe wakija, walinunuliwa soda. Nami nilikuwa kikombe cha aina hiyo, mtoto wa chuo, wa kuonyeshwa watu. Nilipoacha masomo mwaka wa tatu, shangazi alisema nimejiharibu. Ati nafasi kama ile haichezewi.

Lakini nisiwaonee wakusanyaji. Sarafu inayozunguka hufutika. Mistari ya ngao aliyoibuni James Longacre leo tunaiona kama ilivyokusudiwa kwa sababu kuna watu walikataa kuinunulia mkate. Kuhifadhi nako ni kazi, na asiyehifadhi chochote hana cha kurithisha.

Hata hivyo, nikiandika yale maelezo nilikutana na neno lililonichoma. Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa alama zinazofika 70. Prufu ikiwa chini ya 60, ujue imechakaa. Mara nyingi ni kwamba ilitoka kabatini, ikaingia mifukoni mwa watu. Ile wanaiita iliyoharibika.

Imeharibika kwa nani? Labda mtoto aliiiba akanunua peremende. Labda mjane aliitoa siku ambayo hakukuwa na senti nyingine nyumbani. Ukiuliza soko, huyo mama alikosea, alipoteza mali ya wajukuu. Ukiuliza watoto waliolala wameshiba usiku ule, watakuambia kingine. Na siku hiyo ndiyo pekee ambayo ile sarafu ilifanya kazi iliyoandikwa mgongoni mwake.

Bei hukumbuka kilichohifadhiwa. Haina mahali pa kuandika kilichonunuliwa. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu au kitu kimeharibika, nauliza kwanza kilitumika kwa nini. Kuna maisha yaliyopotezwa bure, siwezi kukataa, na pengine miaka yangu miwili hivi ya kutafuta kazi mtandaoni ni baadhi yake. Lakini kuna mengine yamechakaa tu.

Krismasi iliyopita nilifungua lile kabati, nikatoa kikombe kimoja, nikajimiminia chai. Mama aliniangalia muda mrefu. Kisha akasema nikimaliza nikioshe mwenyewe.