Elimu Bila Hatamu



Wapo wasemao kwamba michezo ya kuigiza ni upuuzi usiomfaa mcha Mungu. Upuuzi upo, sikatai; lakini mazingatio huokotwa popote yalipo. Mwaka 1968 ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi iitwayo Makbeth, kutokana na mchezo wa Mwingereza Shakespeare. Niliisoma hapa Tanga, barazani kwangu, na kisa chake hakijanitoka.

Macbeth ni jemadari shujaa. Akirudi vitani, wachawi watatu wanamtabiria ufalme. Punde mfalme Duncan anakuja kulala nyumbani kwake. Usiku ule Macbeth anajihoji: huyu ni jamaa yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu. Anakiri kuwa hana sababu ya kumwua ila tamaa ya ukubwa. Hata anamwambia mkewe kwamba jambo hili waliache. Mkewe anamdhihaki uanaume wake; basi anaua. Baadaye anaamuru auawe rafiki yake Banquo, kisha mke na watoto wa Macduff. Mkewe anatembea usingizini akiosha mikono isiyotakata, mpaka anakufa. Naye anaishia kwa upanga wa Macduff.

Wengi husema wachawi ndio waliompoteza. Sivyo. Wao hawakumwambia aue. Wala hakupotezwa na ujinga, maana hoja zote za haki alikuwa nazo kichwani. Tamaa haikumnyang'anya elimu yake. Iliiacha pale pale ilipo, ikapita kando yake. Ndiyo nafsi iamrishayo maovu, iliyotajwa katika Surat Yusuf. Ndiyo iliyomrahisishia Qabil kumwua nduguye.

Nami nisijitoe katika sura hiyo. Baba yangu alipofariki alituachia, mimi na dada yangu, shamba la minazi upande wa Pangani. Mchana nikisomesha mirathi, nikiandika ubaoni: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Usiku nikiihesabu minazi ya dada yangu kama yangu. Nikajiambia: yeye ana mume, hana haja, tungoje angusho moja jingine. Mwaka ukapita. Siku moja mke wangu akinitengea chakula akaniuliza, "Bwana, haki ya wifi utaitoa lini?" Nilikasirika, nikakiacha chakula. Lakini jibu sikuwa nalo. Kabla ya magharibi nilikuwa mlangoni kwa dada yangu.

Tazama, ndugu yangu. Macbeth alikwisha kurudi nyuma, mwenzake akamsukuma mbele. Mimi nilikwisha kwenda, mwenzangu akanirudisha. Kwa elimu hatukupitana. Kila mmoja wetu aliijua haki.

Basi jambo likikuwasha moyoni, iwe mali, cheo au mke wa mtu, usitosheke kuuliza, "Je, hukumu yake naijua?" Jiulize pia: nani aliye karibu nami awezaye kuniambia kweli, nami nikamsikiliza hata nikikasirika? Na haki ya mtu usilale nayo. Hicho unachokiita kungoja ndicho kisu kinachonolewa.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenyezi Mungu atujaalie hatamu ya nafsi zetu, na wenza wa kutushikia hatamu hiyo mikono yetu inapolegea. Amin.