Urithi wa Damu na Urithi wa Hiari

Mtu akiwa Kampala akapanga safari ya wiki moja ya kuzuru mahali penye historia ya Wayahudi nchini Uganda, hana budi kwanza kujiuliza: urithi huo ni wa nani? Katika lugha yetu, kurithi ni kupokea kilichoachwa na aliyetangulia. Mrithi hupewa, hajitwalii. Je, mtu aweza kurithi imani ambayo babu zake hawakuwa nayo?

Mpango ule uitwao wa Uganda, ambao Waingereza waliwapa Wayahudi mwaka 1903, twaupita upesi. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo imo Kenya, na wenyeji wake hawakuulizwa. Wayahudi wenyewe waliukataa mwaka 1905.

Jambo lenye uzito liko Mbale, mashariki ya nchi. Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Buganda, aliwatumikia Waingereza, kisha akaona hawakumtendea haki. Akajitenga, akalisoma sana Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, hakurudi nyuma. Hakuwapo Myahudi aliyemshawishi. Mwaka uliofuata ndipo alipomjia mmoja aitwaye Yosefu, akawafundisha yeye na watu wake sikukuu, sala na taratibu za chakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928, wafuasi wake wakaendelea kuitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda.

Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Wachache walisali kwa siri mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Kwa maoni yetu, hao wachache walikuwa warithi kamili. Watoto wao walipokea kutoka kwa wazazi kitu kilichotunzwa kwa hatari. Hata hivyo, mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo waliwaingiza mamia yao rasmi katika dini ambayo walikuwa wameishika kwa miaka themanini na zaidi. Wengi walikubali, ili wawe na udugu na Wayahudi wa nchi nyingine. Wengine walikataa: mtu ataingiaje mahali alipo tayari? Hatuwezi kuwalaumu hao wala hawa.

Wageni wengi hupenda kuanzia Entebbe, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, walikookolewa mateka Julai 1976. Nasi twasema waende. Lakini katika Kampala yenyewe wakumbuke Hospitali ya Mulago, alikotolewa kwa nguvu bibi mzee Dora Bloch akauawa, na wasiwasahau askari wa Uganda waliokufa usiku ule kwa amri ya mtu mwingine. Siku moja yatosha kwa hayo.

Siku zilizobaki ziwe za Mbale. Mgeni afike kilima cha Nabugoye kabla jua halijatua siku ya Ijumaa, akae mpaka Sabato iishe, asikie zaburi zikiimbwa kwa Kiganda. Asipige picha, wala asiwahoji wenyeji kama ni Wayahudi wa kweli; swali hilo haulizwi mwenye nyumba akiwa mezani pake. Asiye na nafasi ya kukaa hivyo, heri aiahirishe safari.