Farasi wa Thawabu, Farasi wa Sitara na Farasi wa Mzigo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kisha akamtiishia wanyama wenye nguvu kuliko yeye. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Farasi ametajwa katika Qur-ani Tukufu zaidi ya mahala pamoja, wala hakutajwa kwa sura moja. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, amewekwa pamoja na nyumbu na punda kuwa ni kipando na pambo. Katika Suratul Anfal, aya ya 60, amehesabiwa katika nguvu ambazo Waislamu wameamrishwa kuziandaa. Kisha katika Surat Aali Imran, aya ya 14, farasi wa fakhari wamepangwa safu moja na wanawake, na watoto, na mirundi ya dhahabu na fedha, katika vitu ambavyo watu wamepambiwa kuvipenda. Mnyama ni yule yule. Huku ni neema, na huku ni mtihani.

Na katika Suratul Aadiyat Mola ameapa kwa vipando viendavyo mbio vikihema, kwato zake zikitoa cheche. Wafasiri wengi wamesema hao ni farasi, na wako waliosema ni ngamia wa Hija. Lakini ajabu kubwa ya sura hii imo katika lile linaloapiwa: kwamba mwanaadamu ni mwingi wa kumkanusha Mola wake. Wanavyuoni wamelizingatia hili wakasema: farasi hulishwa konzi za shayiri na kunyweshwa maji, naye kwa ajili ya hayo hujitupa katikati ya jeshi akimtii bwana wake; na mwanaadamu ameumbwa, akalishwa, akavishwa, akapewa macho na ulimi, naye huitwa kwenye Sala akaona uzito kuinuka kitandani.

Imepokewa katika vitabu sahihi vya Hadithi, kwa Abu Huraira (Mwenyezi Mungu amridhie), kuwa Mtume (S.A.W.) amewagawa farasi mafungu matatu: kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Wa mwanzo ni yule aliyemfunga farasi wake kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu, akamwachia kamba ndefu malishoni. Kila alichokula kwa urefu wa kamba ile ni jema kwa mwenyewe. Akikata kamba akapanda kilima au vilima viwili, nyayo zake na hata mavi yake huandikwa mema. Akipita penye mto akanywa, na bwana wake hakukusudia kumnywesha, hilo nalo ni jema. Wa pili ni aliyemfuga ili ajitosheleze na asiombe watu, na asisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Wa tatu ni aliyemfuga kwa majivuno, na kujionyesha, na kuwafanyia Waislamu uadui.

Na azingatie msomaji kuwa Mtume (S.A.W.) hakusema farasi wa thawabu ni yule wa nasaba bora, wala wa mzigo kuwa ni yule dhaifu. Huenda wote watatu wakawa ni wa mama mmoja na baba mmoja, wamelala banda moja. Kilichowatenga ni nia ya mwenye kushika hatamu.

Kisha Mtume (S.A.W.) aliulizwa habari za punda. Akajibu kuwa hakuteremshiwa juu yao kitu makhsusi ila ile aya ya pekee yenye kukusanya yote, ya mwisho wa Suratuz Zilzala, juu ya anayetenda kheri au shari ya uzito wa chembe. Jawabu hili ni mlango mpana. Wako leo katika nchi za Ghuba wazazi wanaouliza nini hukumu ya gari la thamani kubwa analonunuliwa kijana aliyekwisha shule juzi, na nini hukumu ya namba ya gari inayonunuliwa kwa mnada kwa fedha ambazo zingejenga nyumba ya mayatima. Aliyeulizwa habari za punda amekwisha wajibu.

Katika jambo la farasi zimo pia hukumu mbili ambazo wanafunzi wa elimu ya ukadhi huzisoma mapema, kwani ndani yake imo misingi ya uuzaji na ushahidi.

Ya kwanza ni ile iliyopokewa na Abu Daud na wengineo. Mtume (S.A.W.) alinunua farasi kwa bedui mmoja, akamwambia amfuate apate kumlipa. Mtume akatangulia kwa mwendo wa haraka, na bedui akakawia nyuma. Watu wasiojua kuwa farasi amekwisha nunuliwa wakaanza kumpa bei. Tamaa ikamwingia. Akapaza sauti kuwa kama Mtume anataka kumnunua basi na amnunue, la sivyo atamuuza. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kuwa amekwisha mnunua, bedui akaapa kuwa hakumuuzia, akataka aletwe shahidi. Hapo akasimama Khuzaima bin Thabit (Mwenyezi Mungu amridhie), akatoa ushahidi kuwa mauzo yalikuwa. Naye hakuwapo! Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) anashuhudia kwa lipi, akajibu kuwa ni kwa kumsadiki. Tangu siku hiyo ushahidi wa Khuzaima ukafanywa sawa na wa watu wawili. Wengi katika waandishi wa Sira wamesema farasi huyo ndiye aliyeitwa al-Murtajiz.

Na isidhaniwe kuwa kila mtu aweza kufanya kama alivyofanya Khuzaima, akamshuhudilia rafiki yake jambo asiloliona kwa kuwa anamwamini. Hayo yalikuwa makhsusi kwa Mtume (S.A.W.), ambaye Waislamu wamemsadiki katika habari za mbinguni, seuze katika bei ya farasi. Asiyekuwa yeye hashuhudiliwi ila kwa kilichoonwa au kilichosikiwa.

Ya pili ni ya Sayyidna Umar bin Khattab (Mwenyezi Mungu amridhie), alipokuwa Khalifa. Alimchukua farasi wa mtu kwa bei, akampanda ili amjaribu, na farasi akapata dhara, akawa anachechemea. Umar akataka kumrejesha, mwenyewe akakataa. Wakakubaliana kumweka mtu baina yao, naye ni Shuraih. Shuraih akahukumu kuwa Amiri wa Waumini ama amchukue kwa bei ile ile, ama amrejeshe katika hali aliyompokea. Umar hakukasirika. Alisema hukumu haiwi ila hivyo, kisha akampeleka Shuraih mji wa Kufa awe kadhi wake, naye akaushika ukadhi huo kwa miaka mingi mno. Hivyo farasi mmoja kiwete ndiye aliyemtambulisha mmoja wa makadhi mashuhuri katika historia ya Uislamu. Na mtawala aliyehukumiwa ndiye aliyempa kazi aliyemhukumu. Jambo hili, tangu siku zile mpaka leo, ni nadra kuonekana.

Ama vitabu vilivyotungwa juu ya farasi na upandaji wake ni vingi, na elimu hii ni kongwe. Kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) kwa zaidi ya miaka 1300, mtu wa Mitanni aitwaye Kikkuli aliandikiwa mafunzo ya kuwazoeza farasi wa magari ya vita, na vibao vyake vya udongo vimepatikana Boğazköy, Uturuki. Xenophon wa Ugiriki naye aliandika katika karne ya nne kabla ya Isa, akiwahimiza wapandaji wasimwendee farasi kamwe wakiwa na hasira.

Waislamu walipoishika elimu hii waliipa jina la furusiyya, na ndani yake wakaingiza upandaji, mkuki, upanga na upinde, na pamoja na hayo adabu. Hisham bin al-Kalbi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tatu ya Hijra, aliandika nasaba za farasi wa Waarabu kama vile mtu anavyoandika nasaba za makabila. Ibn Akhi Hizam, msimamizi wa farasi wa Khalifa al-Mu'tadid (aliyetawala 892 hadi 902), aliandika kitabu cha furusiyya na tiba ambacho waliomfuata walikitegemea kwa karne nyingi. Katika Misri, Abu Bakr bin Badr, tabibu wa farasi wa Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun, alikusanya elimu zote mbili katika kitabu kilichojulikana kwa jina la bwana wake, an-Nasiri.

Baadhi ya vitabu hivi vilitiwa picha. Kipo kitabu cha tiba ya farasi cha Ahmad bin Hasan bin al-Ahnaf, ambacho nakala zake za mwaka 1209 na 1210 zimehifadhiwa Cairo na Istanbul. Kipo Nihayat as-Su'l cha al-Aqsarai, na nakala yake ya mwaka 773 Hijria (1371) imo katika maktaba ya taifa London. Ndani yake wamo wapandaji wanne wakiizunguka birika, kila mmoja akijifunza kukigeuza kipando chake pasi na kumgonga mwenziwe. Na al-Wasiti, mwaka 634 Hijria (1237), alichora wapandaji wenye bendera wakingojea msafara wa Idi. Kitabu hicho kimo Paris. Wanavyuoni wana maneno yao marefu juu ya kuchora vyenye roho, na hapa sipo mahala pake. Itoshe kuwa picha za vitabu vya tiba na mazoezi ziliwekwa kwa ajili ya mafunzo.

Mashindano ya mbio nayo ni Sunna iliyothibiti. Abdallah bin Umar, ambaye Imamu Jabir bin Zaid alipokea elimu kwake, amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliokondeshwa kutoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita, na wasiokondeshwa kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa katika walioshindana. Kukondesha huku si kumnyima chakula. Farasi hulishwa kwanza mpaka anenepe, kisha chakula hupunguzwa kidogo kidogo, naye hufunikwa nguo bandani ili atoke jasho, mpaka nyama yake ikaze na pumzi yake iwe ndefu. Na katika kuzitenga mbio mbili kwa masafa mbalimbali pana rehema iliyo wazi: mnyama hakukalifishwa asichokiweza.

Zawadi ya mshindi ni halali ikiwa imetolewa na mtawala au na mtu asiyeshindana. Lakini wakitoa wote wawili, kwamba atakayeshinda achukue cha mwenziwe, hiyo ndiyo kamari, ingawa baadhi ya mafakihi wameiruhusu pale anapoingia baina yao mshindani wa tatu asiyetoa kitu. Ama mtu aliyekaa nyumbani, asiyejua farasi hulishwa nini, akaweka fedha kwa njia ya simu juu ya farasi anayekimbia nchi nyingine, huyo hana khilafu ya kujificha nyuma yake. Vijana wa Kiislamu wanaokulia Uingereza, ambako maduka ya kamari yamo mitaani kama maduka ya mikate, wanahitaji kuambiwa jambo hili na wazee wao kabla ya kuambiwa jingine na wenzao. Na mfugaji wa farasi wa kupanda hana Zaka juu yake kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Afanyaye biashara ya farasi hutoa Zaka ya biashara.

Oman ina sehemu yake kongwe. Marco Polo na Ibn Battuta wote wawili wameandika juu ya farasi waliopakiwa vyomboni katika pwani hii kupelekwa Bara Hindi, yule akiitaja Qalhat na huyu Dhofar. Ardha ya farasi na ngamia, ambayo ndani yake wapandaji husimama wima juu ya migongo ya farasi waendao mbio, iliingizwa na UNESCO katika urithi wa wanaadamu mwaka 2018. Na Unguja, Sayyida Salme binti Said ameeleza katika kitabu chake kilichochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kuwa ndugu zake wa kiume waliokwisha timiza miaka mitano walifundishwa kupanda kila asubuhi na jioni pale Mtoni, mbele ya macho ya baba yao. Na aliyehitimu ndipo alipoachiwa ajichagulie farasi wake. Kwanza mafunzo, ndipo mali.

Baba yao huyo, Sayyid Said bin Sultan, mwaka 1840 alipeleka New York merikebu yake Sultana chini ya Ahmad bin Naaman, na katika zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuzichukua. Sheria ya nchi yake ilimkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mtawala wa kigeni bila ya idhini ya Bunge. Masuala haya ni yale yale ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya Zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini hakukaa nyumba ya baba yake na mama yake ili ionekane kama atazawadiwa. Bunge la Marekani likatoa uamuzi mwezi wa Julai mwaka ule. Farasi wale wawili wakauzwa, na thamani yao ikatiwa katika hazina ya nchi.